Kuzuia Mtetemo wa Mkondo Katika Mabomba na Vipimio Vilivyochomekwa Ndani Yake: Mwongozo kwa Mafundi wa Viwandani

Katika viwanda vya Nairobi, kuanzia Barabara ya Enterprise hadi Baba Dogo, kipimio kikivunjika ndani ya bomba la mvuke au la maji, jambo linalofanywa mara nyingi ni kununua kingine cha umbo lile lile na kukifunga mahali pale pale, kwa imani kwamba chuma cha kwanza kilikuwa hafifu. Kwa kawaida chuma hakikuwa na kosa. Kilitikiswa na mkondo mamilioni ya mara hadi kikachoka, na kitakachofuata kitachoka vivyo hivyo, kwa sababu urefu, unene na kasi ya mkondo havijabadilika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulipima tatizo kabla ya kununua au kukereza kifaa chochote, na namna ya kulirekebisha pale ambapo tayari lipo. Unahusu hasa thamoweli, yaani mrija wa chuma uliozibwa ncha ambao ndani yake hukaa kihisi cha joto, lakini hesabu zake zinafaa pia kwa fimbo za kupimia mtiririko, midomo ya kuingizia klorini, na matawi madogo ya mabomba.

Kinachotikisa ni nini

Mkondo ukipita kitu cha mviringo hauwezi kujifunga sawasawa nyuma yake. Huachia mikondo midogo inayozunguka, mmoja upande wa kushoto, mwingine upande wa kulia, kwa zamu, na kila mmoja unapoachiliwa hukivuta kitu hicho kidogo. Vincenc Strouhal, mwanafizikia wa Kicheki, alilichunguza jambo hili mwaka 1878 kwa sauti ya nyaya zinazokatiza hewa, akaona kwamba masafa ya sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa kila sekunde, huongezeka kwa kadiri kasi inavyoongezeka na hupungua kwa kadiri waya unavyonenepa. Kwa hesabu za thamoweli tunaandika hivi: masafa ya mkondo ni sawa na 0.22 mara kasi, gawanya kwa kipenyo cha ncha. Kasi iwe mita kwa sekunde, kipenyo kiwe mita, na jibu litakuwa hezi.

Kila kitu kilichoshikwa upande mmoja kina masafa yake ya asili, ambayo utayasikia ukikigonga kwa nyundo ndogo. Masafa ya mkondo yakiyakaribia hayo, mizunguko hunaswa na mtetemo: huacha kufuata kasi ya mkondo na kuanza kufuata mtikisiko wa chuma chenyewe, kila mmoja ukimwongezea mwenzake nguvu, na hali hiyo hudumu hata kasi ikipanda au kushuka kidogo. Hapo ndipo ufa huanza kwenye shina, yaani pale kifaa kinaposhikwa.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Msukumo wa kwenda kulia na kushoto hutokea kwa masafa tuliyokwisha kuyataja, lakini msukumo wa kwenda mbele na nyuma, kufuata mkondo wenyewe, hutokea kwa masafa maradufu, kwa sababu kila mzunguko, wa upande wowote, huvuta kitu kuelekea nyuma. Maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kuanza kutikisika vibaya mkondo ukiwa na nusu tu ya kasi ambayo fundi anaiogopa.

Japani ililipa gharama ya somo hilo. Tarehe 8 Desemba 1995, katika kinu cha nyuklia cha Monju, thamoweli moja katika mzunguko wa pili wa sodiamu ilivunjika na kuvujisha takriban kilo 640 za sodiamu ya moto, nayo ikawaka moto. Uchunguzi ulionyesha mtetemo wa kufuata mkondo, ukichangiwa na umbo la kifaa, ambacho kipenyo chake kilipungua ghafla kwa ngazi yenye kona kali. Kinu kilirejea kazini Mei 2010. Kiwango cha mwaka 1974 cha ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, kuhusu thamoweli hakikuwa na kanuni juu ya mtetemo wa namna hiyo. Kiwango kilichokifuata, PTC 19.3 TW cha mwaka 2010, kinayo. Ukiletewa hesabu iliyofanywa kwa kanuni za 1974, irudishe.

Hatua ya kwanza: ijue kasi, si ya juu peke yake

Kusanya mtiririko wa juu kabisa, wa kawaida, na wa chini, pamoja na unaopita wakati boila linawashwa asubuhi au vali inapofunguliwa ghafla. Kipenyo kinachohitajika ni cha ndani ya bomba, si cha jina lake. Kwa maji, gawanya tu mtiririko kwa eneo la ndani. Kwa mvuke unahitaji densiti, na densiti hutegemea shinikizo halisi, si lile linaloonekana kwenye geji.

Hapa wenyeji wa Nairobi wana jambo lao. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni karibu bar 0.83, wakati majedwali mengi na programu nyingi hujiongezea bar 1.013 bila kumuuliza mtu. Kwenye mvuke wa bar 7 za geji tofauti ni ya asilimia 2 hivi, na haidhuru. Kwenye mvuke wa bar 1, kama ule wa mashine za kufulia au za kupikia, densiti halisi iko chini kwa zaidi ya asilimia 8, kwa hiyo kasi iko juu kwa takriban asilimia 9 kuliko hesabu iliyofanywa kana kwamba tuko Mombasa. Vivyo hivyo kwa hewa ya njia za upepo: hapa tumia densiti ya karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo badala ya 1.2.

Tuchukue mfano tutakaoufuata. Bomba la mvuke la inchi 4 lina kipenyo cha ndani cha milimita 102.3. Linapitisha kilo 4,000 kwa saa, kwa bar 7 za geji. Shinikizo halisi ni bar 7.83, densiti ni takriban kilo 4.1 kwa mita ya ujazo, na kasi inatoka mita 33 kwa sekunde. Kasi hiyo si ya ajabu kwa bomba la mvuke.

Hatua ya pili: upime urefu usioshikwa

Hiki ndicho kipimo kinachokosewa kuliko vyote, na ndicho chenye uzito kuliko vyote. Urefu usioshikwa hauhesabiwi kutoka ukuta wa bomba. Huanzia pale ambapo chuma kimeshikwa kweli, yaani kwenye uso wa flenji, mwisho wa nyuzi, au mahali palipochomelewa, hadi kwenye ncha. Tawi fupi la milimita 150 lililochomelewa juu ya bomba huingia lote katika hesabu, ingawa mkondo haupiti humo. Katika mfano wetu, thamoweli imefungwa kwa flenji juu ya tawi la milimita 150 na imeingia bombani milimita 60, hivyo urefu ni milimita 210. Fundi aliyepima zile 60 tu atapata majibu mazuri mno yasiyo na maana.

Usijaribu kuziba nafasi kati ya thamoweli na tawi kwa pete ya chuma ukidhani umeweka mshikizo. Pete isiyobana kabisa haishiki, na ile inayobana leo hulegea chuma kinapopanuka kwa joto na kusinyaa. Zaidi ya hayo, kiwango cha ASME hakina hesabu ya kuithibitisha.

Hatua ya tatu: tafuta masafa ya asili

Kwa mrija ulionyooka wenye kipenyo kimoja, kanuni ni hii: chukua ugumu wa chuma (E), zidisha kwa hesabu ya umbo la mkato (I), gawanya kwa uzito wa kila mita (m), tafuta mzizi wa mraba, zidisha kwa 0.56, kisha gawanya kwa urefu uliopigwa mara urefu. I hupatikana kwa 0.0491 mara tofauti ya kipenyo cha nje na cha ndani, kila kimoja kikiwa kimepandishwa hadi kipeo cha nne.

Thamoweli yetu ni ya chuma cha pua cha daraja la 316, kipenyo cha nje milimita 16, tundu milimita 7. E kwa nyuzi 170 ni takriban gigapaskali 184, si 193 kama ilivyo kwenye baridi. Uzito, pamoja na kihisi kilicho ndani, ni kilo 1.4 kwa mita. Hesabu inatoa karibu hezi 256. Kutoka hapo mimi hutoa asilimia 10, kwa sababu kiungo chochote hulegea kidogo na kiwango chenyewe kina kipengele cha kupunguza. Tunabaki na hezi 230.

Kwa maji, uzito wa mita lazima ujumlishe maji yanayosukumwa na kifaa, ambayo ni sawa na ujazo wa kifaa chenyewe. Ukiliacha jambo hili, utajipa masafa ya juu kuliko yaliyopo.

Hatua ya nne: linganisha

Masafa ya mkondo katika mfano wetu ni 0.22 mara 33 gawanya 0.016, yaani hezi 454, ambayo ni karibu maradufu ya 230. Kanuni ya kawaida inataka masafa ya mkondo yasizidi asilimia 40 ya masafa ya asili, ili mtetemo wa kufuata mkondo pia ukae mbali. Kikomo cha asilimia 80 hutumika tu pale ambapo imethibitishwa kwamba mtetemo huo wa kwanza umefifishwa na uzito wa chuma na wepesi wa mkondo, na namba ya Reynolds (densiti mara kasi mara kipenyo, gawanya kwa mnato wa mvuke au maji) ikiwa chini ya 100,000. Hapa namba ya Reynolds ni karibu 146,000, kwa hiyo nafuu hiyo haipo. Kwenye maji nafuu hiyo usiitafute kabisa, kwa sababu densiti ya chuma ni mara 8 tu ya maji, ilhali ni karibu mara 2,000 ya mvuke huu.

Mtu atauliza: kama masafa ya mkondo yamekwisha kuyapita ya asili, hatari haijabaki nyuma? Haijabaki. Kila boila linapowashwa, kasi hupanda kutoka sifuri na kupita mita 8.4 kwa sekunde, ambapo thamoweli hii hutikisika mbele na nyuma, kisha mita 16.7, ambapo hutikisika kulia na kushoto. Na kiwanda kikifanya kazi nusu zamu, mtiririko unaweza kukaa pale kwenye 16.7 usiku kucha. Hii ndiyo sababu vifaa vingine huvunjika msimu wa kazi chache, jambo linalowashangaza wenye kiwanda.

Masafa yakiwa salama, kazi haijaisha: hakikisha pia kwamba mkazo kwenye shina kutokana na msukumo wa kudumu wa mkondo, mkazo wa kutikisika, na shinikizo la nje havizidi uwezo wa chuma. Kwa thamoweli fupi na nene, hayo matatu hupita bila shida.

Hatua ya tano: rekebisha, ukianza na urefu

Masafa ya asili hubadilika kinyume na kipeo cha pili cha urefu. Ukipunguza urefu kwa asilimia 30, masafa hupanda takriban maradufu. Hakuna rekebisho jingine lenye faida hiyo kwa gharama hiyo. Kwa hiyo, badala ya tawi la flenji la milimita 150, tumia thamoweli ya kuchomelewa kwenye kishikio kifupi na kinene, ili urefu wote uwe milimita 100. Kwa kipenyo kile kile cha milimita 16, masafa ya asili yanafika hezi 1,015 na uwiano, yaani masafa ya mkondo gawanya kwa ya asili, unashuka hadi 0.45. Ni afadhali kubwa, lakini bado uko juu ya 0.4.

Ongeza unene. Kipenyo kikiwa milimita 20, tundu likibaki 7, masafa ya asili ni karibu hezi 1,250 na ya mkondo ni 363, kwa sababu unene huinua ya kwanza na kushusha ya pili kwa wakati mmoja. Uwiano ni 0.29, na hapo unaweza kulala. Gharama yake ni kwamba kihisi kitachelewa kidogo kuyafuata mabadiliko ya joto. Kwenye mvuke wa boila, sekunde kadhaa za kuchelewa si kitu.

Mchoro ukifika kwa mkerezaji, iwe karakana kubwa au jua kali ya Kariobangi, andika mambo matatu bila kuona haya kuyarudia kwa mdomo: kifaa kitobolewe kutoka fito nzima, si bomba lililozibwa ncha kwa kuchomelea, mahali shina linapokutana na flenji pawe na mzingo laini, si kona ya kisu, na pasiwe na ngazi ya ghafla katikati ya urefu. Umbo linalopungua polepole kuelekea kwenye ncha ni zuri, kwa kuwa huacha uzito kwenye shina na kuuondoa kwenye ncha. Thamoweli za nyuzi nazipinga kwenye mvuke wa kasi, kwa sababu mtaro wa uzi wa mwisho hukaa pale pale penye mkazo mkubwa.

Kuna pia thamoweli zenye utepe wa chuma unaozunguka mwili wake kama parafujo, wazo lililobuniwa mwaka 1957 na Scruton na Walshe katika maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza kwa ajili ya mabomba ya moshi. Utepe huvuruga mpangilio wa mizunguko. Hufanya kazi, ila hesabu za PTC 19.3 TW hazihusu umbo hilo, kwa hiyo utategemea majaribio ya mtengenezaji. Mimi huuacha uwe njia ya mwisho, pale urefu usipoweza kupunguzwa.

Fimbo za kupimia kwenye mabomba makuu ya maji

Tuseme bomba la maji lina kipenyo cha milimita 900 na kasi ya mita 2 kwa sekunde, na fimbo ya kupimia mtiririko ni mrija wa chuma wa milimita 25 kwa 19, uliopitishwa katika vali hadi katikati ya bomba. Fimbo imeshikwa juu ya vali, kwa hiyo urefu ni milimita 350 za vali na tawi, kuongeza 450, jumla 800. Masafa ya asili majini ni takriban hezi 25, ya mkondo ni 17.6, uwiano ni 0.70. Kwa kanuni ya zamani ya asilimia 80 fimbo hii imepita mtihani. Kwa kweli, inatikisika mbele na nyuma kuanzia kasi ya mita 1.4 kwa sekunde, na namba zinazosomwa nazo zinayumba.

Tiba haihitaji ununuzi. Katika bomba lenye mtiririko uliotulia, kasi ya wastani hupatikana karibu na thumuni ya kipenyo kutoka ukutani. Ingiza ncha milimita 112 badala ya 450. Urefu unakuwa 462, masafa ya asili yanapanda hadi karibu hezi 75, na uwiano unakuwa 0.23. Sharti ni moja: pawe na bomba refu lililonyooka kabla ya kipimio, kwa kuwa karibu na kona au pampu thumuni haiwakilishi wastani. Mdomo wa kuingizia klorini, kwa upande mwingine, hufaa ufike theluthi ya bomba au katikati ili dawa ichanganyike, na hapo huna budi kuunenepesha.

Mabomba yenyewe na matawi yake

Bomba kubwa hutikisika mara chache kwa mizunguko ya mkondo. Mara nyingi kisababishi ni pampu, vali inayobana sana, au kona nyingi zilizofuatana. Mota zetu za hezi 50 zinazozunguka karibu mara 1,450 kwa dakika hutoa mtikiso wa hezi 24, na pampu yenye mapezi 6 huongeza mwingine wa hezi 145. Weka vishikizo karibu na kona na karibu na vali nzito, na utumie klempu inayobana badala ya bomba kukalia tu chuma kwa uzito wake.

Palipo na hatari zaidi ni tawi dogo la nusu inchi lenye vali na geji ncha. Uzito ule wa mwisho hushusha masafa ya asili hadi yakutane na ya pampu. Kwanza uliza kama tawi linahitajika; matawi mengi ni masalio ya majaribio ya zamani na yanafaa kuondolewa na kuzibwa. Linalobaki lifupishwe, vali iwe nyepesi, na mhimili wake ufungwe kwenye bomba mama, kamwe usifungwe ukutani wala sakafuni, kwa sababu bomba likipanuka kwa joto mhimili wa ukutani ndio utakaolivunja tawi.

Tawi lililozibwa mwisho kwenye bomba la mvuke lina sauti yake pia. Mkondo ukipita mdomoni mwake, huitikia kwa masafa yanayokaribia kasi ya sauti gawanya kwa urefu wa tawi mara 4. Tawi la nusu mita huitikia karibu hezi 250, na likiwa na mdomo wa milimita 50 huanza kuimba mkondo ukifika takriban mita 31 kwa sekunde. Katika kinu cha Quad Cities, Marekani, mwitikio wa namna hii kwenye matawi ya vali za usalama ulihusishwa na nyufa za kikaushio cha mvuke zilizogunduliwa mwaka 2002, baada ya nguvu ya kinu kuongezwa. Kwa hiyo kila uzalishaji unapopandishwa, hesabu zirudiwe. Bomba lililokuwa kimya kwa mita 25 si lazima liwe kimya kwa 33. Dawa ni kufupisha tawi au kulainisha kingo za mdomo wake.

Ukaguzi

Kazi yoyote ya kuchomelea kwenye sehemu inayobeba mvuke ifanywe kabla ya ukaguzi wa kisheria, si baada yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaweka boila na vyombo vya shinikizo chini ya mkaguzi aliyeidhinishwa. Thamoweli ikitolewa, safisha shina na ulipime kwa dawa ya rangi inayopenya nyufa. Njia ya sumaku haifanyi kazi kwenye chuma cha pua cha daraja la 316. Angalia pia ncha ya kihisi: ikiwa imeng'aa au kuchubuka upande mmoja, imekuwa ikigonga ukuta wa tundu, na hiyo ni dalili inayotangulia ufa kwa miezi mingi. Programu za simu za kupima mtetemo zinafaa kwa bomba linalotikisika kwa makumi ya hezi, lakini thamoweli fupi iko mbali na uwezo wake.

Kwenye kitabu cha matengenezo andika urefu usioshikwa, kipenyo cha ncha, cha shina na cha tundu, kasi ya juu na ya chini, na uwiano uliopatikana, kisha gonga namba ya kifaa kwenye ukingo wa flenji yake, ili fundi atakayeagiza kingine asilazimike kukisia kwa kutazama kilichovunjika.